Nyayo za Hamira

Ukitaka Fundi Kisigino akutengenezee viatu, sharti kwanza uvue ulivyovaa. Hata kama umekuja kushonewa kamba moja tu, hata kama una haraka na mvua inanyemelea, utavua, utakanyaga sinia la mchanga mbichi lililo mbele ya benchi lake, kisha utasogea pembeni usubiri. Yeye atainama aitazame alama ya mguu wako kwa utulivu, kama mtu anayeutazama uso wa ndugu aliyepotezana naye. Wateja wageni hucheka.

"Mama, mimi nimeleta viatu, sikuleta miguu," mmoja alimtania.

"Viatu navijua," alijibu bila kuinua kichwa. "Nilichochelewa kujifunza ni miguu."

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa mcheshi, mwenye majivuno kidogo ya kazi yake, na mtaa mzima ulimpenda kwa majivuno hayo. Karakana aliachiwa na baba yake: chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la dobi na la mfua bati, dirisha moja lenye ubao wa kuwekea viatu vilivyokwisha tengenezwa, na huko juu kwenye boriti kalibu za mti za kuundia viatu zikining'inia mbili mbili kwa kamba, kila jozi ikiwa miguu ya mtu fulani. Upepo ukiingia ziligongana taratibu, na ungedhani watu wa mtaa wanatembea darini.

Jina la Kisigino alipewa utotoni. Alikuwa akicheza chini ya benchi la baba yake, na kutoka pale aliona visigino tu vikipita mlangoni. "Huyo karani," angesema. "Huyo mkunga, leo ana haraka, kuna mtoto anakuja." Hakukosea. Aliyembandika jina ni shoga yake, binti wa jirani, ambaye naye aliitwa Hamira kwa sababu ukimkandamiza huku anaumuka kule. Jina lilimkaa vizuri, maana alipokua akawa mwokaji wa mikate, na tanuri lake likawa pale kona, hatua chache kutoka karakana.

Miguu ya Hamira haikuwa ya kawaida. Utotoni alianguka kutoka ukutani walipokuwa wote wawili wakiiba mapera ya watu, na kifundo cha mguu wa kushoto kikaunga vibaya, hivyo alikanyagia upande wa nje, soli ikiisha huko kabla ya kwingine. Mguu wa kulia nao ulikuwa na kidole kidogo kilichompanda mwenzake mgongoni. "Kitinda mimba huyu," Hamira alikuwa akisema, "kadekezwa, mpaka leo anabebwa." Kisigino aliipima miguu ile tangu wakiwa wasichana. Hakuna mwili wa mtu mwingine alioujua vile.

Jozi ya mwisho aliyomshonea aliishughulikia kuliko zote. Kwenye kila kisigino alichonga alama yake ya nusu mwezi, na ndani ya kiatu cha kushoto, upande wa nje, akaficha kipande cha ngozi ngumu.

"Hicho ni cha nini?" Hamira aliuliza akikigusagusa kwa kidole chenye unga.

"Kitakunyoosha. Utavaa, utatembea, mwisho utakanyaga sawa kama binadamu wengine."

"Uninyooshe mimi? Mume wangu kashindwa, mama mkwe kashindwa, sembuse wewe na kigozi chako!"

"Tusubiri tuone."

"Haya, fundi. Mimi nipo."

Wakati ule mji ulikuwa bado umepakana na nyika, na nyika ile haikuwa nyika ya kawaida. Kitu kisichotazamwa ilikihamisha. Ukipita kati ya miti miwili kisha usigeuke, miti ilibadilishana nafasi, vilima vikajongea, na njia uliyojia ikawa si njia tena. Ndiyo maana hakuna aliyeingia peke yake. Watu walikwenda wawili wawili, mmoja akitazama mbele, mwingine akitembea kinyumenyume, ameshika mshipi wa mwenzake, akiikazia macho njia ya kurudi ili ibaki mahali pake. Aliyeingia peke yake alizunguka humo mpaka akasahau anakwenda wapi.

Humo ndani waliishi Wapole. Jina lao la kweli halikutajwa, maana kinachotisha huitwa kwa jina jema kisije kikaitika. Walikuwa warefu, rangi ya majivu, hawapigi kelele, hawaachi nyayo hata kwenye tope. Mara moja moja walifika ukingoni mwa mji wakachukua watu, wakawavusha mto ulioko mwisho wa nyika. Huko waliwapeleka kufanya nini, hakuna aliyerudi kusimulia.

Asubuhi moja Hamira alikwenda ukingoni kuchukua kuni za tanuri. Kwenye mawe ya kufulia palikuwa na msichana mmoja, kibarua wa dobi, pekupeku kwa sababu ya kazi yake ya majini. Dobi aliposhuka na tita jingine la nguo alikuta mashuka yanaelea, kuni zimetawanyika, na hakuna mtu.

Waliokwenda kuwafuata walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mume wa Hamira, mwashi, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Wa pili alikuwa mzee tarishi, mjomba wa yule msichana, aliyeipita nyika mara nyingi akipeleka salamu za watu. Wa tatu alikuwa Kisigino. Mwashi ndiye aliyemfuata karakana.

"Wapole hawana nyayo," alisema akihema mlangoni. "Watakaoacha nyayo ni wetu. Na viatu vya mke wangu unavijua wewe, shemeji."

Kisigino alikuwa ameshavua aproni.

Waliwatafuta wengine, lakini mtaa ulikuwa umejifungia. Kila mlango uliobishwa hodi, aliyejibu ni mtoto: "Baba hayupo." Basi wakaingia watatu, Kisigino mbele, macho chini; mwashi katikati; tarishi nyuma, akitembea kinyumenyume na mkono mmoja kwenye mshipi wa mwashi.

"Usinivute hivyo, mimi si mkokoteni," tarishi alilalamika.

"Inua miguu, mzee."

"Niinue miguu! Wewe unaona unakokwenda, mimi naona nilikotoka tu. Hebu tubadilishane uone utamu wake."

Walicheka kidogo. Nyayo zilikuwa wazi: nusu mwezi wa Kisigino kwenye vumbi, na kando yake miguu midogo mitupu. Watu wawili pamoja, wazima, wanatembea. Kila Kisigino alipouona ule mwezi aliunyooshea kidole, na moyo wake ukapata nguvu. Sehemu nyingine nyasi zilikuwa zimezifunika nyayo zote, akatambaa kwa magoti mpaka akaziona tena. "Twende, tuko naye," alikuwa akisema. "Twende, tuko naye." Hawakujua kwamba alisema naye, si nao. Hata yeye mwenyewe hakujua.

Wakafika kwenye uwanda wa mawe, njia ikagawanyika. Tarishi alijua kwa nini. Wapole huwatenganisha mateka wao, maana mateka wawili wakitoroka pamoja wanaweza kurudi, mmoja mbele mmoja nyuma, lakini mmoja pekee haendi popote. Kulia zilikwenda nyayo za viatu. Kushoto zilikwenda nyayo za pekupeku.

Watatu hawagawanyiki wawili wawili. Walilielewa hilo wote kwa pamoja.

"Huyo wa kushoto ni mwana wa dada yangu," tarishi alisema hatimaye. "Hana baba. Ana mimi."

"Na huyu wa kulia ni mke wangu!" Mwashi alipaza sauti, mtu ambaye hakuwahi kusikika akipaza sauti. "Mke wangu, mzee! Unataka nimpite?"

"Sijasema umpite. Nimesema yule naye ni mtu."

Wote wawili wakamgeukia Kisigino. Naye alikuwa amekwisha piga magoti, upande wa kulia. Aligusa ule mwezi. Ulikuwa wake, hapakuwa na shaka. Kisha akaona jambo lililomfanya atabasamu. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimekanyaga sawasawa, kisigino kizima kimelala chini, hakikuegemea nje hata kidogo. Kigozi, aliwaza. Kigozi changu kimefanya kazi. Na katikati ya hofu yote ile alijisikia furaha ya fundi, akaiona siku atakayomwambia Hamira, "Si nilikwambia?"

"Ni yeye," alisema. "Na tazama, shemeji, hata mguu umenyooka."

"Na huyu wa huku?" tarishi aliuliza.

"Huyo wa huko hana viatu," Kisigino alijibu. Alikuwa bado amepiga magoti. Hakugeuza shingo.

Tarishi alimtazama. "Hana viatu, ndiyo. Si kwamba hana mtu."

Lakini mzee hakuweza kwenda peke yake, na wenzake wawili walikuwa wamekwisha amua. Akashika mshipi wa mwashi. Kwa kuwa ndiye aliyetembea kinyumenyume, ndiye aliyeziona zile nyayo za pekupeku zikibaki nyuma, zikipungua, mpaka mawe yakazificha. Hakutania tena.

Wapole wana udhaifu mmoja. Jua likiwa utosini husinzia wamesimama, wakakauka kama miti iliyoungua. Saa sita mchana walimkuta mmoja amesimama hivyo uwandani, mkononi kamba ya nyasi, na mwisho wa kamba mtu ameketi, ameinamisha kichwa magotini, amejifunika kanga iliyojaa vumbi. Miguuni alivaa viatu vya Hamira.

Mwashi aliukata mshipi wake kwa pupa ili asimvute mzee, akakimbia, akapiga magoti, akaushika ule uso kwa mikono miwili na kuuinua.

Ulikuwa uso wa yule msichana.

Tarishi alikuwa wa mwisho kugeuka. Alipomwona, kinywa kilimfunguka kwa kilio cha furaha, kisha macho yake yakamwangukia mwashi, akakifunga. Aliimeza furaha yake kama mtu anavyomeza dawa chungu. Alimkumbatia mpwa wake kimyakimya, akaikata ile kamba, na jambo la kwanza alilolisema ni, "Tukimbie. Huenda bado."

Walikimbia. Walirudi njia panda, wakashika ile ya kushoto, wakakimbia tena mpaka kwenye mto. Ukingoni palikuwa na tope laini, na kwenye tope palikuwa na nyayo za mtu mmoja aliyeingia majini. Safari hii Kisigino aliziangalia. Mguu wa kushoto ulikuwa umezama upande wa nje. Mguu wa kulia ulikuwa na kidole kidogo kilichombebesha mwenzake uzito. Zilikuwa wazi kama uso. Zilikuwa zimepita pale pale njia panda, kando ya goti lake. Angegeuza shingo tu angezitambua kabla hajamaliza kugeuka. Lakini alikuwa ameitazama kazi yake, mguu hakuutazama.

Mto ule una desturi yake: ukiingia upande huu unatokea upande huu huu, isipokuwa Mpole akushike mkono. Mwashi aliingia, akatokea walipo. Akaingia tena, akatokea. Aliendelea mpaka tarishi akamkamata kiunoni na kumketisha. Hakumlaumu mtu. Walipoanza kurudi alikwenda yeye nyuma, akashika mshipi wa yule msichana, akatembea kinyumenyume njia nzima mpaka mjini, uso kauelekeza mtoni.

Wazee wanasema majuto ni mjukuu, huja mwisho. Ya Kisigino yalikuja na kuhamia kabisa, yakawa na kiti chao. Mwashi hakukanyaga tena karakana. Alipita mtaa wa nyuma, na viatu vyake vikichanika alivifunga kwa waya wa ujenzi. Wakikutana msibani au sokoni alisema, "Shemeji," na Kisigino akajibu, "Shemeji," basi, kila mmoja akashika njia yake. Kisigino hakumlaumu. Ana haki, aliwaza. Tanuri lilikaa baridi mpaka yule msichana alipokwenda kuomba ruhusa ya kuliwasha, na kwa kuchoma na kuunguza akajifunza, akawa mwokaji wa mtaa. Mzee tarishi alikula mikate yake miaka michache, akafariki kwa amani. Ndipo Kisigino alipoleta lile sinia la mchanga. Kalibu za Hamira alizihamisha kutoka kwenye boriti, akaziweka kwenye ubao wa dirisha, mahali zisipogongana na chochote.

Siku moja, mvua zikiwa zimekatika, yule msichana alikuja karakana. Sasa alikuwa mama wa watu, mikono ina makovu ya tanuri. Alikuwa na kifurushi cha kitambaa. Alivua ndala, akakanyaga mchangani bila kuambiwa, kisha akakifungua. Vilikuwa vile viatu.

"Soli imepasuka, mama," alisema. "Nimevitunza, lakini ngozi nayo inazeeka."

Kisigino alivipokea. Aliingiza kidole ndani ya kiatu cha kushoto akakigusa kigozi, bado kigumu. Kuna swali ambalo hakuwahi kuliuliza miaka yote hiyo. Lilimtoka kama kikohozi.

"Alisema nini alipokupa?"

Mwokaji alitazama mlangoni. "Nilikatazwa nisikwambie."

"Mimi ni mtu mzima. Sema."

"Miguu yangu ilikuwa inatoka damu. Akavivua. Nikamwambia, mama, wakija kukufuata watakukosa. Akacheka. Unajua alivyokuwa akicheka. Akasema: 'Vaa, mwanangu. Shoga yangu ananijua miguu kuliko mama aliyenizaa. Nikipita pekupeku atanijua. Wewe hajawahi kukupima. Usipokuwa na kitu chake mguuni, nani atajua umepita?'"

Kisigino alishika nyundo, akaiweka. Akaishika tena. Kwenye boriti kalibu za watu ziligongana taratibu.

"Aliyekukataza ni nani?"

"Baba mwashi."

Alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo mfua bati alitoka nje kulishangaa. "Fundi, kuna msiba?" "Wa zamani," alijibu, akaendelea. Alipita mtaa wa nyuma, ule anaoupitia shemeji yake kumkwepa. Alimkuta uani kwake, amechekecha mchanga wa plasta na kuumwagia maji, mwiko mkononi. Amezeeka, mgongo umepinda.

"Shemeji."

"Karibu, shemeji." Alimtazama usoni, akaelewa. "Amekwambia."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Si mimi niliyekuwa nimeshika mshipi wake? Alininong'oneza njiani, analia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ili iweje? Ulikuwa hata maji hayapiti kooni."

"Kwa hiyo ukaninyamazia miaka yote hii."

"Mdomo wangu naujua. Ningekaa na wewe ningesema. Nikaona bora nisikae."

Kisigino alishika ukuta. Miaka yote aliyohesabu kuwa ni chuki, mtu huyu alikuwa akimkinga. "Ungenitukana tu," alisema. "Ingekuwa nafuu."

"Nilikutukana sana. Humo ndani, peke yangu. Hata kuta zimechoka." Karibu atabasamu, kisha uso ukamrudia. "Na mimi nilipiga kelele pale njia panda. Nilitaka vile viatu viwe vyake. Ungesema vingine nisingekusikia."

Kisigino hakujua kama ni kweli au ni huruma. Hakutaka kuuliza. Aliinamisha macho, kama kawaida yake, akaona waya.

"Na hivyo ni viatu gani?"

"Kazi ya mikono yangu."

"Naona. Baki na kujenga, shemeji. Vivue."

Alivivua taratibu, akasimama kwenye mchanga mbichi, miguu mipana yenye nyufa za chokaa. Kisigino aliinama kuitazama. Alipokuwa bado ameinama alisikia sauti yake juu, ya chini sana.

"Ya Hamira ilikuwaje? Uso bado ninao. Lakini miguu nimeanza kusahau."

Kisigino alipiga magoti. Aliusawazisha mchanga kwa kiganja, akaanza kuufinya kwa ubavu wa mkono. Kwanza mguu wa kushoto, akiukandamiza upande wa nje. Kisha wa kulia, kisigino, wayo, vidole kimoja kimoja, na mwisho, kwa ncha ya kidole chake, akaweka kile kidogo juu ya mgongo wa mwenzake.

Mwashi aliweka mwiko chini. Walibaki hapo wote wawili wakizitazama nyayo, huku jua likianza kuzikausha kuanzia kisigino.